Mkwaju wa Kulia na Mkwaju wa Kushoto: Njia za Faili na Uhifadhi wa Fasihi Simulizi ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekusanya ngano kati ya Mambrui na Takaungu hurudi chuoni na mali ya aina mbili. Ya kwanza ni sauti za wazee alizozirekodi. Ya pili ni maandishi yake mwenyewe, yanayoeleza kila sauti ni ya nani, ilinaswa wapi, lini na katika lahaja gani. Mali hizo mbili huunganishwa na kitu kidogo mno: mstari mmoja katika orodha iliyomo ndani ya tarakilishi, unaosema faili ya sauti iko wapi. Mstari huo ukiandikwa katika tarakilishi inayoendeshwa kwa Windows, waweza kusomeka hivi:

C:\Utafiti\Mambrui\ngano03.wav

Orodha hiyo hiyo ikifunguliwa katika tarakilishi inayoendeshwa kwa Linux, kila mstari huwa bubu. Faili zote zipo. Hakuna iliyofutika wala kuharibika. Ila kwa Linux alama \ si mpaka baina ya kabrasha na kabrasha. Ni herufi kama herufi nyingine yoyote, inayoweza kuwa sehemu ya jina. Kwa hiyo Linux huenda kutafuta faili moja tu yenye jina refu la ajabu, lianzalo kwa C na nukta pacha na kuishia kwa wav, isiipate, kisha ikatoa taarifa kwamba faili haipo. Mzee aliyesimulia akiwa amekwisha kufariki, na mkusanyaji amehitimu na kwenda zake, taarifa hiyo ya tarakilishi huelekea kuaminiwa.

Makala haya yananuia kueleza tofauti hiyo ya uandishi wa njia za faili ilitoka wapi, inawagusaje hasa watu wanaofanya kazi kwa Kiswahili, na programu inayotarajiwa kutumika katika mifumo zaidi ya mmoja yapasa kuishughulikia vipi.

Istilahi chache zafaa kuwekwa wazi kwanza. Faili huhifadhiwa ndani ya kabrasha, na kabrasha laweza kuwamo ndani ya kabrasha jingine. Mfululizo wa makabrasha ya kupitia hadi kuifikia faili huitwa njia. Wako wanaopendelea kusema anwani, lakini neno hilo halitoshi hapa. Anwani ya mtu haibadiliki kwa kuwa mgeni wake ametokea kusini au kaskazini, ilhali njia huanzia mahali fulani na kupitia mahali fulani. Alama inayotenganisha majina ya makabrasha ni mkwaju, neno ambalo kwa mtu wa Malindi huleta akilini kwanza mti wenye kivuli na tunda chachu. Kuna mikwaju miwili, / na \, ambayo baadhi ya watu huiita mkwaju wa mbele na mkwaju wa nyuma kwa kufuata Kiingereza. Majina hayo yana kasoro ambayo msomaji wa pwani ni mwepesi wa kuiona: mbele na nyuma hutegemea mkono wa mwandishi unaelekea wapi. Kwa aliyezoea kunakili tenzi kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, huo mkwaju wa mbele umelalia nyuma. Katika makala haya, basi, alama / itaitwa mkwaju wa kulia, kwa kuwa kichwa chake kimeinamia kulia, na alama \ itaitwa mkwaju wa kushoto.

Njia kamili na njia tegemezi

Mtu aliyeko Mombasa akitaka kufika Malindi huelekezwa apande kaskazini, apite Mtwapa, avuke hori la Kilifi, kisha apite Gede. Aliyeko Garsen huambiwa ashuke kusini mpaka avuke mto Sabaki. Aliyekwisha kufika Gede huambiwa tu aendelee mbele. Malindi ni ile ile. Kinachotofautiana ni pa kuanzia. Aidha, maelekezo huzeeka. Kwa miaka mingi msafiri alivuka hori la Kilifi kwa feri, hata daraja likafunguliwa mwaka 1991. Malindi haikusogea hatua moja mwaka huo, lakini maelekezo yaliyomtaka mtu aiulizie feri yalikuwa yamekwisha kazi.

Njia za faili nazo ni za namna mbili. Njia kamili huanzia kwenye mzizi, yaani pale juu kabisa ambapo makabrasha yote hutokea. Linux ina mzizi mmoja tu, unaoandikwa kwa mkwaju wa kulia ukiwa peke yake, na diski yoyote inayochomekwa huwa tawi la mti huo mmoja. Windows ina mizizi mingi: kila diski hupewa herufi yake, C, D, E na kuendelea. Herufi hiyo si sifa ya diski yenyewe bali hutolewa na tarakilishi iliyoipokea. Katika miaka ya 2000, mwanafunzi aliyebeba kazi yake katika kidude cha flashi, akaifungua leo katika mkahawa mmoja wa intaneti na kesho katika mwingine, aliona jambo hili bila kufundishwa: diski iliyokuwa E jana imekuwa G leo. Njia iliyoanza kwa E:\ ilimpotea hata kabla hajatoka katika Windows.

Njia tegemezi huanzia mahali orodha yenyewe ilipo. Ikiwa orodha imo katika kabrasha la Utafiti, inatosha kuandika Mambrui/ngano03.wav. Kabrasha zima la Utafiti likihamishwa, iwe ni kwenda diski nyingine au mfumo mwingine, uhusiano baina ya orodha na sauti hubaki vile vile kwa kuwa vyote viwili vimehama pamoja. Pakihitajika kupanda ngazi moja juu, huandikwa nukta mbili mahali pa jina la kabrasha, na Windows, Linux na Mac zote huzielewa nukta hizo.

Asili ya mgawanyiko

Mtu akiuliza kwa nini kampuni moja ilichagua mkwaju huu na nyingine ule, huenda akatarajia kusikia sababu nzito. Sababu si nzito hivyo. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, ulitumia mkwaju wa kulia kutenganisha makabrasha, na Linux ikaurithi mtindo huo. MS-DOS ya kwanza ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1981 pamoja na tarakilishi ya IBM, haikuwa na makabrasha kabisa; faili zote zilikaa mahali pamoja. Lakini tayari ilikuwa imeupa mkwaju wa kulia kazi nyingine, ya kutangulia maagizo ya ziada baada ya amri, desturi iliyotokana na mifumo ya zamani zaidi ya kampuni ya DEC. Makabrasha yalipoingia katika toleo la 2.0, mwaka 1983, kiti kilikuwa kimekaliwa. Ukachukuliwa mkwaju uliobaki.

Mkwaju wa kushoto wenyewe ulikuwa mgeni miongoni mwa herufi. Haukuwa na kazi katika uandishi wa kawaida wa Kiingereza wala wa Kiswahili. Bob Bemer wa IBM ndiye anayetajwa kuupigania uingizwe katika mpangilio wa herufi uitwao ASCII, uliotangazwa mwaka 1963, ili kwa kuuunganisha na mwenzake wa kulia zipatikane alama za mantiki za "na" na "au". Nchini Japani, nafasi yake katika mpangilio huo ilipewa alama ya sarafu ya yeni, na kwa sababu hiyo tarakilishi za Windows za huko zimeonyesha njia zenye alama ya yeni kati ya kabrasha na kabrasha. Mac, kwa upande wake, ilitumia nukta pacha hadi ilipohamia mfumo wa jamii ya Unix mwaka 2001.

Maneno ya Kiswahili yanayomezwa

Hapa ndipo suala linapomgusa mtu wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Katika maabara hizo hizo za Bell, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dennis Ritchie aliunda lugha ya programu iitwayo C. Ndani yake mkwaju wa kushoto ulipewa kazi ya kuibadilisha maana herufi inayoufuata. Mkwaju huo ukifuatwa na n, maana yake si n tena bali ni amri ya kuanza mstari mpya. Ukifuatwa na t, ni amri ya kuruka nafasi, kama kitufe cha kupangia safu. Lugha nyingi zilizofuata, zikiwemo Java na Python, ziliipokea desturi hiyo.

Basi achukuliwe mwanafunzi aliyeamua kujiandikia programu ndogo ya kucheza sauti zake, akaandika ndani yake njia hii:

C:\ngano\tenzi\riwaya

Programu haitaona ngano, wala tenzi, wala riwaya. Itaona C na nukta pacha, kisha mstari mpya, kisha "gano", kisha nafasi pana, kisha "enzi", kisha amri ya kurudi mwanzo wa mstari, na mwisho "iwaya". Orodha ya walioumia ni ndefu, kwa kuwa majina ya tanzu za fasihi yana bahati mbaya ya kuanza kwa herufi hizo hizo. Nyimbo, ngonjera na nahau humezwa na n. Tamthilia na tarihi humezwa na t. Barua hufutwa na b, ambayo ni amri ya kurudi nyuma herufi moja. Fasihi huangukia f, amri ya kurusha ukurasa. Vitendawili katika C na Python huangukia v, amri ya kushuka mistari. Katika lugha hizo mbili, kabrasha liitwalo ajami laweza hata kuifanya tarakilishi ilie kengele. Utenzi hauvumiliwi kabisa: mkwaju wa kushoto ukifuatwa na u, Java na Python husubiri nambari nne za kutambulisha herufi fulani ya dunia, na zisipoziona hukataa programu nzima. Ndivyo Python inavyolifanyia hata lile kabrasha la Utafiti lililotajwa mwanzoni, kwa kuwa U kubwa nayo hudai nambari, tena nane. Methali na hadithi hunusurika katika Python, ambayo haina amri za m wala h, ingawa matoleo yake ya karibuni hutoa onyo. Java huzikataa pia.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitokezi kila mara. Mwanafunzi aliyeanza na kabrasha la methali huona programu yake ikifanya kazi, akashawishika kwamba ameandika sawa. Miezi miwili baadaye huongeza kabrasha la nyimbo, na programu ile ile hudai kwamba nyimbo hazipo. Tiba inayozoeleka ni kuandika mikwaju ya kushoto miwili miwili, ambapo wa kwanza humwondolea wa pili uchawi wake. Tiba hiyo ni halali, lakini huifunga programu katika Windows. Lililo jepesi zaidi ni kuandika mkwaju wa kulia, kwani Windows yenyewe huukubali katika takriban kila njia inayopewa na programu. Mahali inapoukataa hasa ni katika amri za zamani za kuchapwa, ambako ungali na ile kazi yake ya mwaka 1981.

Majina, herufi na ritifaa

Mikwaju ikisawazishwa, majina yenyewe hubaki na ugomvi wao. Windows huhesabu Malindi.doc na malindi.doc kuwa faili moja. Linux huzihesabu mbili. Kwa hiyo orodha iliyoandikwa bila uangalifu, mara kwa herufi kubwa, mara kwa ndogo, hufanya kazi barabara katika Windows na kuanguka nusu katika Linux.

Windows pia hukataza alama tisa zisiwemo katika jina la faili: mikwaju yote miwili, nukta pacha, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, alama ya kubwa kuliko, ya ndogo kuliko, na mstari wima. Linux hukataza mkwaju wa kulia, na zaidi ya huo ni herufi moja tu ya siri isiyochapika. Kwa sababu hiyo faili iliyopewa jina la tasnifu yenye nukta pacha kati ya kichwa na kichwa kidogo, kama ilivyo kawaida ya wasomi, huhifadhika vizuri katika Linux na kukwama ikinakiliwa kwenda Windows. Mwaka wa masomo ulioandikwa 2003/2004 haukubaliki popote pale. Linux itadhani 2003 ni kabrasha.

Ritifaa ni mtihani wa Kiswahili hasa. Neno ng'ambo, ambalo mkazi wa Kilifi hulihitaji kila siku kwa ajili ya hori lake, lina alama hiyo katikati. Mtu akiichapa mwenyewe wakati wa kulipa faili jina, hupatikana ritifaa iliyosimama wima. Akiichapa ndani ya waraka, programu ya kuandikia mara nyingi huipinda bila kuulizwa. Tena Microsoft Word hupendekeza maneno ya mwanzo ya waraka yawe jina la faili, na hivyo ile iliyopindwa huingia katika jina kimya kimya. Kwa jicho la msomaji hilo ni neno moja. Kwa tarakilishi ni mawili yasiyohusiana, kwani kila ritifaa ina nambari yake. Kwa anayetumia Linux kwa kuchapa amri kuna zaidi: ritifaa iliyosimama hufahamika kuwa ni mwanzo wa nukuu, na tarakilishi hukaa ikingoja ritifaa ya kufungia isiyokuja. Si haki kumtaka Mswahili abadili tahajia ya lugha yake kwa ajili ya mashine. Katika majina ya faili pekee, hata hivyo, kuiacha ritifaa nje na kuliandika neno kwa ukamilifu wake ndani ya orodha ni gharama ndogo.

Kuna pia tahajia za mahali. Mji huandikwa Gede, lakini magofu yake, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, hujulikana katika maandishi mengi kama Gedi. Mto unaoitwa Sabaki karibu na Malindi huitwa Galana ukiwa bara zaidi. Makabrasha yaliyopangwa kwa mikoa na wilaya yana matatizo yao: katika sensa ya 1999 Malindi ilihesabiwa kuwa wilaya peke yake, sawa na Kilifi; tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, Malindi imo ndani ya Kaunti ya Kilifi. Mkusanyaji aliyezipanga sauti zake kwa utaratibu wa kwanza, kisha mwenzake akazipanga upya kwa utaratibu wa pili, huwa wamebadili kila njia bila kugusa sauti hata moja. Ndiyo maana inafaa kila rekodi iwe na nambari yake isiyobadilika, iliyo katika jina la faili na katika orodha, ili njia ikipotea faili iweze kutafutwa kwa nambari.

Kwa wahifadhi wa miswada ya ajami lipo jambo jingine. Majina ya makabrasha yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu, skrini huyapanga kutoka kulia, na mikwaju iliyo kati yao hufuata. Njia yenye majina ya Kiarabu na ya Kilatini kwa pamoja huonekana imevurugika, ingawa ndani ya tarakilishi mpangilio ni ule ule. Aliyejaribu kuinyoosha kwa kuchapa upya ndiye anayeiharibu kweli.

Namna programu inavyoweza kukabiliana

Programu iliyotungwa vizuri haiichukulii njia kuwa ni maandishi ya kuunga kwa mkono. Huichukulia kuwa ni majina yaliyopangwa kwa zamu, Utafiti, kisha Mambrui, kisha ngano03.wav, na kuuachia mfumo uweke mkwaju wake. Java ina nyenzo za kazi hiyo, na Python pia, hasa tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014 lilipoleta sehemu iitwayo pathlib. Kubadili kila mkwaju wa kushoto kuwa wa kulia, ambalo ndilo wazo la kwanza la wengi, hutibu nusu ya maradhi: herufi ya diski hubaki pale pale mwanzoni, na hakuna mkwaju utakaoifanya Linux imjue C ni nani.

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mfano ulio karibu. Ilikuwa tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice, programu iliyotumika katika Windows na katika Linux. OpenOffice huzishika njia zote, kwa ndani, kwa umbo moja linalofanana na anwani za intaneti: neno file, nukta pacha, kisha mikwaju ya kulia mitupu. Hugeuza kuwa umbo la Windows pale tu inapomwonyesha mtumiaji. Aidha, ina chaguo la kuhifadhi viungo kwa njia tegemezi, ili picha iliyounganishwa na waraka ionekane hata waraka ukihamia tarakilishi nyingine, mradi picha imehama nao.

ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha iliyoko Nijmegen, Uholanzi, hutumiwa sana kunakili sauti za lugha zinazohifadhiwa. Ndani ya faili yake ya unukuzi huandikwa njia mbili za sauti moja, ile kamili na ile tegemezi, na zote zikishindikana mtumiaji huombwa aonyeshe faili ilipo. Mtindo huo wa kuandika mara mbili ni wa busara kuliko unavyoonekana. Njia kamili hubaki kuwa ushahidi wa mahali sauti ilipokaa siku ya kwanza, hata inapokuwa haifikiki tena.

Kwa mwanafunzi asiyekusudia kuandika programu yoyote, jaribio moja latosha. Kabrasha zima, pamoja na orodha yake, linakiliwe katika diski, lifunguliwe katika tarakilishi ya mfumo mwingine, na sauti tatu au nne zichezwe kutoka katika orodha, mojawapo ikiwa yenye ng' katika jina. Jaribio hilo lifanywe msimulizi angali hai na namba yake ya simu ingali inapatikana.